"Ipo kwenye bajeti", lakini zahanati haijapauliwa: fedha za halmashauri zinapita wapi

Kuna jibu moja ambalo karibu kila mkutano wa kijiji Tanzania Bara umewahi kulisikia. Mwananchi anasimama kuuliza zahanati itapauliwa lini, na mtendaji anajibu: "Ipo kwenye bajeti." Mwaka unapita, swali linarudi, na jibu ni lilelile. Watu wanaondoka wakijua wamedanganywa.

Mara nyingi hawajadanganywa. Ukifungua kitabu cha bajeti cha halmashauri utaikuta zahanati yao imeandikwa, ina kasma yake, yaani namba ya mstari wake wa bajeti, na kiasi chake. Kinachosahaulika ni kwamba bajeti ni ruhusa ya kutumia fedha endapo zitapatikana. Fedha zenyewe ni habari nyingine, zina njia yake, na njia hiyo ina milango ambayo kila mmoja una mwenye ufunguo na tarehe ya kufungwa. Anayebisha hodi kwenye mlango usio wake, au kwenye mlango wake mwezi usio wake, atajibiwa kwa heshima na atarudi mikono mitupu.

Kijijini hadi kata

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, ila maandalizi yake yanaanza miezi mingi kabla. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mtu mzima, miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Vipaumbele vinaibuliwa humo, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao maofisini wanauita O&OD tu. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inaandaa mapendekezo, mkutano mkuu unayapitisha, mtendaji wa kijiji anaandika muhtasari.

Huo muhtasari una uzito kuliko hotuba zote za siku ile. Uwe na tarehe, mahudhurio, saini za mwenyekiti na mtendaji, na uamuzi ulioandikwa waziwazi: wananchi wamejenga boma, yaani kuta zisizo na paa, hadi lenta, wanaomba halmashauri ipaue na kumalizia. Ombi la mdomo halipandi ngazi.

Kosa la kawaida hapa ni orodha ndefu. Kijiji kinaomba zahanati, madarasa mawili, josho, nyumba ya mwalimu, kisima na barabara ya kwenda mnadani, vyote vikiwa "kipaumbele cha kwanza". Wanaofanya hivyo wanamwachia mtu wa wilayani achague kwa niaba yao. Na kwenye orodha hiyo, viwili havikai kabisa kwenye bajeti ya halmashauri: barabara zilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017, na maji ya vijijini yakahamia RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019. Diwani anayepigiwa kelele kuhusu kalavati anaweza kushauri na kusukuma, lakini fedha hizo hazipigiwi kura na baraza lake.

Kutoka kijijini, ombi linafika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ni mwenyekiti, mtendaji wa kata ni katibu, wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Kama kata ina vijiji vitano vyenye maboma matano, vita vya kweli vinapiganwa kwenye chumba hiki. Mwenyekiti wa kijiji anayekuja na picha za boma, makadirio ya mhandisi na kiasi ambacho wananchi wameshachangia, anamshinda yule anayekuja na malalamiko.

Ukomo wa bajeti

Sasa tunafika sehemu ambayo haizungumzwi vya kutosha. Wakati vijiji vinapanga kutoka chini kwenda juu, Hazina inapanga kutoka juu kwenda chini. Kila mwaka Serikali inatoa Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti, na pamoja nao kila halmashauri inapewa ukomo: mishahara ni hii, matumizi mengineyo ni haya, ruzuku ya maendeleo ni hii. Mipango ya vijiji ikizidi ukomo, kinachopungua ni mipango. Ukomo ukichelewa, maofisa mipango wanafanya kazi kwa ukomo wa mwaka uliopita, halafu takwimu zinapobadilika wanakata usiku mmoja ili PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, ukubali. Miradi iliyopitishwa na kata hupotea katika usiku huo, na hakuna kikao kinachorudi kijijini kueleza kwa nini.

Sehemu kubwa kabisa ya bajeti ya halmashauri ya wilaya inatoka Serikali Kuu, na baraza la madiwani haliwezi kuigusa. Fedha za mishahara zinabaki mishahara. Ruzuku iliyokuja na jina la mradi inabaki na jina lake. Kenya imeweka kwenye Katiba ya 2010 kwamba serikali za kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Bara hakuna kiwango cha namna hiyo kwenye Katiba, kwa hiyo mgawo unategemea uamuzi wa kila mwaka. Nafasi halisi ya madiwani kuchagua iko kwenye mapato ya ndani: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni, vibali, minada, stendi.

Tupige hesabu ya mfano, ili ionekane nafasi hiyo ni kubwa kiasi gani. Chukua halmashauri inayotarajia kukusanya Sh bilioni 3 kwa mwaka. Kwanza yanatolewa mapato lindwa, yaani fedha zenye mwenyewe, kama michango ya wagonjwa inayobaki hospitalini na vituoni. Tuseme ni milioni 600. Zinabaki bilioni 2.4. Miongozo inataka halmashauri za mapato madogo zitenge asilimia 40 kwa maendeleo (zenye mapato makubwa ni 60 au zaidi), hivyo tunapata milioni 960. Humo inatoka mikopo isiyo na riba, asilimia 10 ya zile bilioni 2.4, ambayo sheria ya mwaka 2018 imeigawa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu: milioni 240. Zinabaki milioni 720. Kata zikiwa 25, kila moja inaangukia chini kidogo ya milioni 29.

Kiwango ambacho Serikali imekuwa ikitoa kumalizia boma la zahanati ni Sh milioni 50. Boma la darasa ni milioni 12.5. Kwa hiyo hata baraza adilifu kuliko yote haliwezi kupaua zahanati moja kila kata kwa mwaka mmoja. Linaweza kugawa sawasawa, na kila mtu apate nusu ya paa, au kuchagua kata chache na kuzimaliza. Kisiasa njia ya kwanza ni tamu zaidi, ndiyo maana nchi ina maboma mengi yaliyopata "awamu ya kwanza" na kuishia hapo. Kwa maoni yangu hili linachelewesha majengo kuliko wizi, ingawa wizi ndio unaoandikwa magazetini.

Na hiyo ni hesabu ya matarajio. Bilioni 3 ni makisio. Wilaya ya korosho ya Mtwara au Lindi inapata ushuru wake minada inapofunguliwa, kuanzia Oktoba. Bei ikishuka au mavuno yakianguka, asilimia 40 ya kitu pungufu ni pungufu. Kuna pia ugonjwa wa zamani unaoitwa fedha mbichi: mkusanyaji anakusanya kwa mashine, kisha anatumia kabla ya kupeleka benki, au anaagizwa kununua mafuta ya gari la dharura. Kanuni zinataka kila shilingi iingie benki kwanza, itoke baadaye kwa hati ya malipo. Fedha mbichi ikishatumika, hakuna wa kuigawa kwa asilimia yoyote.

Baraza, mkoa, Dodoma

Bajeti ya halmashauri inapita menejimenti ya mkurugenzi, kamati za kudumu za madiwani, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha baraza kamili, kwa kawaida Januari au Februari. Mkurugenzi Mtendaji, ambaye anateuliwa na Rais, ndiye katibu wa baraza na ndiye Afisa Masuuli, yaani anayebeba dhamana ya kila malipo. Mwenyekiti wa halmashauri anachaguliwa na madiwani wenzake na haandiki hundi. Wananchi wengi huwachanganya hawa wawili, au humfuata Mkuu wa Wilaya, ambaye ni mwakilishi wa Serikali Kuu na bajeti ya halmashauri haiko chini yake.

Sekretarieti ya Mkoa inachambua, kisha OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na Hazina wanachambua tena. Bungeni hutaona jina la halmashauri yako likipigiwa kura peke yake: fedha inazotoa Serikali Kuu ziko ndani ya fungu la mkoa, yaani sehemu ya bajeti yenye namba yake. Arusha ni Fungu 70, Dodoma 72, Kigoma 74, Mwanza 81. OR-TAMISEMI yenyewe ni Fungu 56. Bunge linajadili mafungu kuanzia Aprili, hotuba ya bajeti kuu inasomwa Juni, na wabunge wanapiga kura kwa kuitwa majina. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, jambo linaloeleza kwa nini marekebisho makubwa hufanyika kwenye kamati mwezi Machi na si ukumbini Juni. Mbunge anayetaka kusaidia zahanati yenu asubiri kuchangia Juni? Amechelewa miezi mitatu.

Nje ya njia hii kuna kichochoro kifupi: Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati yake inaongozwa na mbunge. Fedha zake ni ndogo, zinafaa kwa mabati na saruji, na hazijengi zahanati kutoka msingi.

Julai imefika, fedha hazijafika

Sheria ya Matumizi imepita. Je, fedha zinatumwa zote? Hapana. Serikali inatumia kadiri inavyokusanya na kukopa, na wakati wa kugawa, deni la taifa na mishahara vinatangulia. Kila utoaji kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina unahitaji idhini ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye watu wanamkumbuka kwa ukaguzi tu na kusahau neno la kwanza la cheo chake. Miradi ya maendeleo inakula kilichobaki. Makusanyo ya kodi nayo yana mawimbi: kodi ya awali ya wafanyabiashara inalipwa kwa robo, mwisho wa Septemba, Desemba, Machi na Juni, hivyo mfuko huwa mzito baada ya tarehe hizo kuliko katikati yake.

Weka hilo kando ya kalenda ya mvua. Fedha za robo ya tatu zikitoka baada ya Machi, zinaifikia akaunti ya halmashauri au ya kituo Aprili au Mei. Huko ni masika kwa sehemu kubwa ya nchi: barabara hazipitiki, mchanga umelowa, mafundi wako mashambani. Zimebaki wiki sita kufika 30 Juni. Chini ya Sheria ya Bajeti ya 2015, ruhusa ya kutumia inakoma mwaka unapofungwa, na bakaa inarudi Mfuko Mkuu isipokuwa kiwe kimepatikana kibali cha kuendelea nayo. Mkurugenzi ana njia mbili, zote mbaya: aharakishe manunuzi ili fedha zionekane zimetumika, au aandike kuomba kibali na asubiri. Ukiona kijijini kwenu nondo na mabati vimeshushwa kwa pamoja wiki ya mwisho ya Juni na fundi hayupo, ujue alichagua njia ya kwanza.

Fedha zimeingia, nani anajenga?

Majengo mengi ya shule na afya sasa yanajengwa kwa fosi akaunti: badala ya mkandarasi, kijiji au kituo kinanunua vifaa na kumlipa fundi wa hapohapo ufundi tu. Utaratibu huu ulitumika kwa madarasa 15,000 yaliyojengwa mwaka 2021 kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, Sh milioni 20 kila darasa. Unaokoa fedha, na unaacha sehemu yake kijijini. Lakini una masharti, na hapa ndipo penye makosa madogomadogo yanayogharimu.

Zinaundwa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi. Mtu mmoja asikae kwenye mbili, kwa sababu aliyenunua hawezi kuwa shahidi wa kilichopokewa. Ya mapokezi ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo muhimu kuliko zote. Lori likifika saa mbili usiku na mifuko 200 ya saruji, anayesaini hati ya kupokelea bila kuhesabu ameshafunga kesi. Ahesabu mifuko, aangalie daraja la saruji, apime nondo unene, ahesabu bati na kusoma geji yake. Bati la geji 30 likiandikwa geji 28 halitambuliki kwa macho ukiwa chini. Geji kubwa ni bati jembamba, na tofauti utaiona upepo wa kwanza.

Manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza mwaka 2023, na yanafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo. Nia ni njema. Tatizo ni duka la vifaa lililo kwenye senta ya kata: mwenyewe hajasajiliwa, hana mashine ya risiti za EFD, na pengine hana namba ya mlipakodi iliyo hai. Kamati inalazimika kununua mjini, kilomita 90, na usafiri haukuwemo kwenye makadirio. Kiwango kimoja kwa nchi nzima kina kasoro hiyo tangu mwanzo: saruji ya Mafia au Ukerewe inavuka maji kabla ya kufika, ila kiasi kinachotumwa hakijui kuna maji. Suluhisho la vitendo ni kuwasajili wauzaji wa kata mapema, mwezi Agosti au Septemba wakati hakuna presha, na kuweka usafiri kama mstari unaojitegemea kwenye makadirio badala ya kuuficha ndani ya bei ya mfuko.

Kisha kuna boma lenyewe. Wananchi walilijenga miaka sita iliyopita kwa tofali za kuchoma na udongo, bila mhandisi. Kuta zimenyeshewa misimu sita. Mhandisi wa halmashauri akija anakuta lenta imepasuka, chumba cha kujifungulia ni kidogo kuliko ramani, na hakuna sehemu ya kutupia kondo. Milioni 50 za kupaua zinaanza kutumika kubomoa. Ndiyo maana kabla ya kuchimba msingi ni lazima kupata ramani ya zahanati kutoka kwa mhandisi na kumleta mara tatu: kwenye msingi, kwenye lenta, na kabla ya kupiga kenchi. Mara nyingi kinachomkwamisha ni mafuta ya gari. Kijiji kinachomtafutia usafiri kinaokoa zaidi ya kinachotumia.

Jengo limekwisha, mlango umefungwa

Hata baada ya rangi, zahanati si zahanati mpaka isajiliwe, ipate watumishi, na ifunguliwe akaunti ya dawa Bohari ya Dawa. Watumishi wanahitaji nafasi kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na kibali cha ajira, ambavyo viko kwenye bajeti ya mishahara, si ya maendeleo. Ofisi ya mganga mkuu wa wilaya iliyosubiri jengo liishe ndipo iombe muuguzi, imejiwekea mwaka mzima wa jengo tupu. Ombi la ikama linapaswa kuingia kwenye bajeti ileile iliyobeba fedha za kupaua. Vivyo hivyo kwa nyumba ya mtumishi: mkunga anayelala kilomita 12 hatapatikana saa nane usiku.

La kuuliza, na wa kuulizwa

Ukiambiwa ipo kwenye bajeti, uliza kasma namba ngapi na kiasi gani. Uliza chanzo: mapato ya ndani, ruzuku, au wahisani? Chanzo kikiwa mapato ya ndani, anayekujibu ni mkurugenzi na madiwani, na swali zuri ni halmashauri imekusanya asilimia ngapi ya makisio hadi sasa na imepeleka kiasi gani kwenye miradi. Chanzo kikiwa ruzuku, uliza fedha zilipokelewa tarehe ipi. Kama hazijapokelewa, mkurugenzi hana cha kukupa, na barua iende kwa mbunge na Katibu Tawala wa Mkoa. Kama zilipokelewa na kazi haijaanza, uliza kamati zimeundwa lini na vifaa vimeagizwa lini. Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji inasomwa kwenye mkutano mkuu wa kila robo, na karatasi yake inabandikwa ubaoni.

Ukaguzi unakuja baadaye sana. Hesabu za halmashauri zinafungwa Juni, zinawasilishwa kwa wakaguzi Septemba, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inamfikia Rais mwishoni mwa Machi na kuingia bungeni Aprili. Kisha Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, inawaita maafisa masuuli. Mara nyingi anayejibu hoja si aliyesaini malipo. Yule ameshahamishwa wilaya nyingine, na mhandisi wake vilevile. Nakala za muhtasari, makadirio, hati za kupokelea na risiti zikiwa kwenye faili la kijiji, hoja ina pa kuanzia. Zikiwa zilibaki kwenye mkoba wa mtendaji aliyehama, mkaguzi ataandika tu kwamba viambatisho havikuonekana.